Seli za Marigu Zilipolala Njaa

Nimestaafu mwezi wa nane, na tangu siku hiyo vijana wa maabara wamenipigia simu mara saba kuniuliza ufunguo wa kabati la dawa uko wapi. Uko kwenye msumari nyuma ya mlango, pale ulipokuwa kabla wengi wenu hamjazaliwa. Kwa kuwa karatasi fupi nilizobandika ukutani hamkuzisoma, nimeamua kuwaandikia ndefu. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaacha nje, maana ya kwangu yangeisha kwa mstari mmoja. Nitaandika kuhusu vyombo, mikono, watu walionifundisha, na lile kosa ambalo mmelisikia vipande vipande wakati wa chai na kuliongezea chumvi. Afadhali mlisikie kutoka kwa mwenyewe.

Niliingia maabara ya chuo chetu hapa Embu nikiwa na cheti kipya, koti jeupe lililonishinda ukubwa na viatu vilivyonibana. Mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Mutwiri, mtu wa Nkubu kule Meru, mrefu, mkavu, aliyeongea kana kwamba kila neno lazima alitie sahihi kwanza. Nilitarajia anionyeshe hadubini. Alinionyesha sinki. Niliosha vyombo vya kioo miezi miwili, mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyochujwa, na yeye akija kukiinua kila kimoja dirishani na kukitazama kama mtu anayechagua miwani. Akiona doa alikirudisha sinki na kwenda zake.

Baada ya sinki alinipa pipeti ya kufyonzea, mzani na bilauri ya maji, akaniambia nihamishe maji kidogo kidogo nikiyapima, mpaka vipimo kumi vifuatane bila kutofautiana. Ilinichukua siku nne. Nilipomwendea kumwambia nimefaulu, aliniambia nirudie kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa mtaala au alikuwa ananichezea.

Miaka hiyo kazi yetu ilikuwa vyura, mahindi na kahawa yenye ugonjwa. Mkulima wa Runyenjes akileta majani yenye madoa, tulimpa jibu na yeye akatupa ndizi. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu niliweza kuieleza nyumbani. Kisha Daktari Kinyua akarudi kutoka masomoni ng'ambo na sanduku la barafu kavu, na ndani ya sanduku mlikuwa na seli za binadamu.

Daktari naye alikuwa wa Meru, lakini angalia jinsi mahali pamoja panavyoweza kutoa watu wawili tofauti. Mutwiri aliyapima maneno, Daktari aliyamwaga. Alitembea haraka, akasahau kikombe cha chai kila chumba alichopita, na asubuhi alizisalimu seli kwa Kimeru kabla ya kutusalimu sisi. Zilikuwa zimetoka, zamani sana, kwenye mfupa wa mtu aliyeishi mbali na mlima wetu. Sasa zilikaa kwenye sahani ndogo za plastiki ndani ya inkubeta, zikiwekwa kwenye joto la mwili, na zilikula kuliko sisi. Chakula chake ni maji mekundu yenye sukari, chumvi na seramu ya damu ya ndama, na hubadilishwa kila baada ya siku mbili, iwe sikukuu au isiwe. Zikishakimaliza, yale maji huanza kuwa ya machungwa, kisha ya njano. Hiyo ndiyo njia pekee ya seli kukulalamikia.

Nilipowaeleza watu wetu wa Kanja kwamba kazi yangu sasa ni kulisha seli, shemeji yangu aliuliza kama zinataga. Nikamwambia hapana, zinagawanyika. Akasema basi angebaki na kuku wake.

Kile Daktari alichokuwa akikitafuta, mimi na Mutwiri tulikielewa kwenye bucha. Alitupeleka kula mchana, akaagiza mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, akaiomba ije nzima bila kukatwa. Akatwambia hii ni mitokondria, yaani mahali seli inapotengenezea nguvu zake. Kisha akatoa uzi mfukoni, sijui kwa nini mtu mzima anatembea na uzi, akauzungusha katikati ya mutura mara moja na kuuvuta polepole mpaka ikawa vipande viwili. Uzi huo, alisema, ni protini inayoitwa Drp1. Muda mwingi huelea tu kwenye maji ya seli bila shughuli. Mitokondria ikitaka kugawanywa, protini hiyo huitwa, chembe zake hushikana na kufanya pete kuizunguka, pete inakaza, na mitokondria moja inakuwa mbili. Vipande vidogo ni rahisi kusafirishwa penye kazi, na kikiharibika kimoja, seli hukiondoa bila kupoteza vyote. Ukiizuia seli kutengeneza protini hiyo, mitokondria hurefuka na kusokotana kama mashina ya viazi vitamu shambani.

Mutwiri alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba chumvi, akazila zile mitokondria zote mbili. Alistaafu miaka kadhaa baadaye, akarudi Nkubu kwenye migomba yake, na karatasi ya kulisha seli ikawa mikononi mwangu. Mliikuta ikining'inia kwenye mlango wa inkubeta, na kalamu imefungwa kwa kamba ili Daktari asiondoke nayo. Siku, saa, jina la sahani, tiki. Ukilisha, unaweka tiki. Hakuna kitu rahisi kuliko hicho, na ndicho kilichonishinda.

Marigu alikuja kufanya shahada yake ya pili nikiwa nimebakisha kama miaka minane nistaafu. Alitoka Ishiara, kwa watu wa ndengu na maembe, binti mwembamba aliyeuliza swali akiwa ameshaandika nusu ya jibu. Alipanga chumba hapa Dallas, mtaa wangu mjini, ploti ya pili kutoka kwangu, kwa hiyo nilimwona kazini na nilimwona akianika nguo. Nilimpitisha kwenye sinki na pipeti, mkono wa kushoto ukiwemo. Hakulalamika. Aliniambia baadaye kwamba wenzake walimwapia hicho kitu hakipo popote duniani.

Kazi yake ilikuwa kupima kwa hesabu kile tulichokiona kwenye mutura. Upande mmoja seli za kawaida, upande mwingine seli zilizopewa dawa ya kuzima utengenezaji wa Drp1. Angezipaka rangi inayong'aa, angepiga picha kwa hadubini, kisha angepima urefu wa mitokondria moja moja bila kujua picha ni ya upande upi. Tulitarajia fupi upande wa kwanza na ndefu upande wa pili. Dawa yenyewe ilitoka ng'ambo na ilibaki ya mara moja tu. Nyingine ilikuwa imeagizwa na hakuna aliyejua imefika wapi. Alikuwa na wiki tano kufika mbele ya watahini.

Siku ya Alhamisi tulizipa seli dawa na chakula. Zilitakiwa kulishwa tena Jumamosi na kupigwa picha Jumatatu. Jumamosi hiyo kulikuwa na ruracio ya mtoto wa dada yangu kule Kanja, wakwe wanakuja kuzungumza mahari, na mimi ndiye mwenyekiti wa jikoni. Mpango wangu ulikuwa kupitia maabara asubuhi kabla ya kupanda mlima. Ijumaa jioni, nikifunga, nilikuwa nimeshika kalamu mkononi, nikaweka tiki ya Ijumaa ya sahani nyingine, na mkono ukaendelea wenyewe mpaka safu ya Jumamosi ya sahani za Marigu. Nilijiambia si neno, kesho nitakuja.

Jumamosi kaka yangu alinipitia mapema kuliko tulivyopatana, gari limejaa sufuria. Nikasema nitazilisha Jumapili. Jumapili kulikuwa na kanisa, na maharage ya njahi yaliyobaki, na shangazi aliyetaka kueleza upya jinsi wakwe walivyokula. Niliteremka Embu jioni, miguu imevimba, nikajiambia kwamba seli ni watu wazima, zitangoja.

Jumatatu nilifika saa tatu. Marigu alikuwa amefika saa kumi na mbili na nusu. Seli zote zilikuwa zimeshamwagiwa dawa ya kuzigandisha na kupakwa rangi. Aliniambia kwa furaha kwamba sehemu ngumu imeisha. Nilitazama kwenye ndoo ya maji machafu. Yalikuwa ya njano kama chai ya tangawizi. Nilienda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku mbili baadaye picha zilikuwa mezani kwa Daktari. Seli zilizozimwa protini zilikuwa na mitokondria ndefu, sawasawa. Na seli za kawaida, ambazo zilipaswa kuwa na vipande vifupi, nazo zilikuwa na ndefu. Huwezi kutofautisha. Daktari alizitazama muda mrefu, akamwambia Marigu kwamba bila shaka amechanganya sahani, ameandika lebo vibaya. Marigu alisema hakuchanganya. Daktari akamwuliza basi maelezo yake ni yapi, naye akaanza kuzipitia picha upya moja moja. Daktari hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lilifanya maneno yake yaumize. Alimwambia kwa upole kwamba dawa imekwisha, muda umekwisha, na labda afikirie kuandika kitu cha kusoma vitabuni tu, kwa sababu si kila mtu mwenye akili ana mikono ya maabara.

Mimi nilikuwa pale mlangoni na trei ya chupa. Ningeweza kusema. Nilisema naomba kupita.

Nilinyamaza siku tisa. Kila siku nilikuwa na sababu mpya na zote zilikuwa nzuri. Nilijiambia kukosa chakula kidogo hakuwezi kurefusha mitokondria. Mimi ni fundi, si daktari, nitajuaje. Nilijiambia huenda kweli alichanganya sahani. Nilianza kuzunguka nyuma ya ploti ili nisipite karibu na kamba yake ya nguo. Siku ya tisa alinikuta sinki, amebeba boksi la sahani tupu na kalamu ya wino mzito.

“Madam Wanja,” alisema, “naomba unifundishe kuandika lebo tena. Tangu mwanzo. Kama bado una nafasi.”

Nilimfundisha. Asicheke mtu yeyote hapa. Nilisimama pale nikamwonyesha jinsi ya kuandika lebo kwenye ubavu wa sahani na si kwenye kifuniko, naye akaandika jina la kila sahani polepole kama mtoto wa chekechea, na lebo zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Aliniambia kwamba mwisho wa mwezi pengine angerudi Ishiara, kuna shule inatafuta mwalimu wa bayolojia.

Alipoondoka nilitoka nje kwenye maegesho nikampigia Mutwiri kule Nkubu. Nilimweleza yote, kuanzia sufuria mpaka maji ya njano.

“Mwari,” alisema mwishowe, maana mpaka uzeeni aliniita msichana, “huyo mtoto anajua?”

“Bado.”

“Basi mimi unanipigia simu ya nini?”

Akakata. Nilirudi ndani. Nilimwambia Marigu pale pale penye sinki, nikiwa nimesimama, kwa sababu kama ningekaa ningeanza kulia na yeye angelazimika kunibembeleza. Nilimwambia tiki iliwekwa Ijumaa, kwamba Jumamosi hakuna mtu aliyezilisha wala Jumapili, kwamba niliona maji na nikanyamaza.

Aliangalia mikono yake. Alisema aliiona ile rangi ya njano Jumatatu, akashtuka, akaenda kutazama karatasi. Karatasi ilisema zimelishwa, kwa hiyo akaamini karatasi kuliko macho yake.

“Madam, mimi nilikuwa nimeanza kuamini sina akili,” alisema. “Nimempigia mama nikamwambia hivyo.”

Nikamwambia naenda kwa Daktari. Akasema tutaenda wote, lakini nitazungumza mimi, yeye hatanisaidia hata neno. Na kweli hakunisaidia. Niliongea, Daktari akavua miwani, akaivaa, akaniuliza nimekuwa nikiweka tiki za mapema tangu lini. Nilimwambia hiyo ilikuwa ya kwanza. Akasema anatamani kuniamini. Akaagiza karatasi ya kulisha ichukuliwe na mtu mwingine, na mimi nirudi kwenye vyombo vya kioo hadi atakaponiambia. Kwa hiyo nilirudi nilipoanzia, sinki, nikiwa na miaka hamsini na tatu. Kwa Marigu alisema pole. Alimwomba msamaha kwa kumwambia habari za mikono, na alilisema mbele yangu, jambo ambalo wakubwa wengi hulisema wakiwa wawili tu, kama hulisema.

Kesho yake asubuhi Daktari alikuja maabara bila kuzisalimu seli. Alikuwa amesoma tangu alfajiri. Alitwambia kwamba alijua habari hii na akaisahau, na kwamba anajionea aibu kuliko mimi, ingawa hilo sikukubaliana nalo. Seli yenye njaa huanza kula vitu vyake vya ndani ili iishi. Mitokondria fupi humezeka, ndefu haimezeki. Kwa hiyo seli yenyewe huizuia ile protini. Drp1 ipo, haijapungua, lakini imewekewa kizuizi ibaki ikielea kwenye maji ya seli isiende kukata kitu. Mitokondria zinaungana, zinarefuka, na zinapona. Upande mmoja wa Marigu ulikosa uzi. Upande wa pili uzi ulikuwepo, ila seli ilikataa kuufunga. Ndiyo maana picha zilifanana. Marigu hakuwa amechanganya chochote.

“Lakini hilo tunalisema kwa mdomo,” Marigu alisema. “Lazima tulione.”

Alilazimika kuahirisha. Wenzake walivaa majoho mwaka ule naye alibaki akingojea dawa iliyochukua miezi minne kufika, na kosa hilo ni langu, halikufutika kwa sababu jambo liliishia kuzuri. Kwa wiki kadhaa aliniamkia na hakuongeza kitu. Jumamosi moja nilienda Ishiara kumwona mama yake, ambaye alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa lake tarehe ya mahafali. Nilimweleza habari za mitokondria nikitumia kila mfano nilionao. Aliningoja nimalize.

“Kwa hivyo mtoto wangu hakuanguka,” alisema.

“Hakuanguka, mama.”

“Na wewe ndiye uliyesahau kuzipa chakula.”

“Ni mimi.”

Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya chapati na ndengu ambayo ingetosha wachimba mtaro, akaketi mbele yangu akanitazama mpaka nikaimaliza. Nilirudi Embu nikipumua kwa shida.

Dawa ilipofika, Marigu alifanya pande nne badala ya mbili: zilizoshiba na zenye njaa, zenye protini na zilizozimwa. Alizilisha mwenyewe, akaweka tiki mwenyewe, baada. Aliitia ile protini rangi ya kijani ili ionekane inakaa wapi. Siku ya picha aliniita kutoka sinki. Nilifuta mikono nikainama kwenye hadubini. Katika seli zilizoshiba, vijidoti vya kijani vilikuwa vimekaa juu ya mitokondria, vikizibana mahali mahali. Katika zenye njaa, kijani kilikuwa kimetawanyika kila mahali kama ukungu, na mitokondria nyekundu zimenyooka ndefu bila kuguswa. Nimeshinda kwenye hadubini zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona kosa langu limepigwa picha safi hivyo. Nilimwambia hivyo. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kunichekea tangu ile ruracio ya Kanja.

Siku ya watahini alikuwa mbele, amevaa suti ya kahawia, na mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango. Aliongea vizuri. Alipofika kwenye sura ya njaa, mtahini mmoja kutoka chuo kingine, mzee mwenye tai, alimwuliza alipataje wazo la kuwa zile seli za kwanza zilikuwa na njaa, wakati rekodi zinaonyesha zililishwa.



“Aliyezinyima chakula aliniambia mwenyewe,” Marigu alijibu. “Ameketi pale nyuma.”

Watu waligeuka. Nilisimama, kwa sababu sikujua ni nini kingine cha kufanya. Yule mzee alinitazama juu ya miwani yake, akarudi kwa Marigu akamwuliza kama maabara yetu ina desturi ya kufanya utafiti kwa njia hiyo.

“Hapana,” Marigu alisema. “Ilitokea mara moja tu.”

Nilikaa. Nilifanya kazi miaka sita zaidi baada ya siku ile, na karatasi ya kulisha nilirudishiwa. Kila Jumamosi yangu nililisha kwanza, nikaweka tiki baadaye, ili Marigu asije akawa amewadanganya watahini.